Kofia ya Mzamiaji

Kitu ninachokivaa shingoni si hirizi. Nimeshamweleza mchungaji, nimeshawaeleza kina mama wa kwaya, na bado kila msimu wa harusi ukianza hakosekani mmoja wa kunisogelea, kukishika kwa ncha za vidole na kuniuliza kwa sauti ya chini kama siku hizi nimeanza mambo. Ni kofia. Kofia ya plastiki ya njano, ukubwa wa njugu mawe, yenye kidirisha kidogo mbele, iliyotengenezwa Brazili zamani kwa ajili ya mdoli wa mzamiaji asiyezidi urefu wa kiganja changu. Mzamiaji mwenyewe sina. Alichukuliwa na mjomba wangu mchana kweupe, nikiwa nimesimama palepale, na haya ni maelezo ya jinsi nilivyomlipa.

Mimi ni mfumaji wa masweta ya shule, Njombe mjini. Baridi yetu haina likizo, kwa hiyo kazi haikosekani. Juu ya mashine yangu ya kufumia, mahali ambapo wenzangu hutundika kalenda, nina rafu ya wanaume wa plastiki: askari, marubani, wapanda milima, na mmoja wa mguu mmoja ambaye ndiye mkubwa wao wote. Wateja wakija na watoto, watoto huwaona kwanza. Mama zao huuliza wanauzwaje. Nikijibu kwamba hawauzwi, na kwamba hapana, si wa wajukuu, ni wangu mwenyewe, huwa wanapokea masweta yao haraka na kuondoka. Nimezoea. Mwanamke wa umri wangu akikusanya vikombe vya kabatini anaitwa nadhifu. Akikusanya midoli ya vita anaombewa.

Yule wa mguu mmoja nilipewa nikiwa mtoto, shuleni, Krismasi moja ambapo makasha ya zawadi yalikuja kutoka ng'ambo. Wasichana walipewa wanasesere wenye nywele, wavulana wakapewa askari. Zamu yangu ilipofika wanasesere walikuwa wamekwisha, na kilichobaki chini ya kasha kilikuwa askari huyu, koti la kijani, mguu mmoja. Darasa zima lilicheka, na mwalimu naye akacheka. Nilimbeba kwenda nyumbani kwa hasira nikaapa sitamtupa kamwe, ili mtu asije akasema nilimwonea haya. Hapo unaweza kuona mapema mimi ni mtu wa namna gani.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimefuata nyuzi Makambako, nilipita kwenye mitumba nikamkuta ndani ya rundo la midoli. Uso ule ule, kovu lile lile shavuni, ila koti lilikuwa jekundu na maandishi ya mgongoni yalikuwa ya Kijapani. Moyo ulinipiga kama mtu aliyekutana stendi na pacha wa ndugu yake. Nikamnunua, nikaanza kuuliza. Kwenye simu nikapata kundi la wakusanyaji wa nchi za mbali, wanaume wazima wenye ndevu zao, ambao hawakuona ajabu yoyote kwamba nami nipo. Hao ndio walionifumbua macho.

Kiwanda kilichobuni midoli ile kiliazimisha kalibu zake, yale maumbo ya chuma ambamo plastiki humiminwa, kwa viwanda vya nchi nyingine. Kila nchi ikamimina mtu yule yule kwa rangi iliyokuwa nayo. Ndiyo maana rubani mmoja ni wa bluu kwao alikobuniwa, wa kijivu Argentina, na wa zambarau India. Mtu wa kawaida anaona rangi imekosewa. Sisi huyo aliyekosewa ndiye tunayemtafuta, kwa sababu alitengenezwa kwa idadi ndogo, akauzwa nchi moja tu, na watoto wa nchi hiyo wakamvunja. Macho yangu yamezoea nyuzi. Njano ya sweta la shule moja na njano ya shule ya jirani naijua tofauti yake hata kwenye ukungu. Kazi hii ilinikaa mwilini kana kwamba nilishonewa.

Niliyemtaka kuliko wote alikuwa Mzamiaji wa njano. Mzamiaji wa kawaida ni wa rangi ya chungwa, huyo ninaye, kila mkusanyaji anaye. Wa njano alitoka Brazili peke yake, mwili wa njano, kofia ya njano, maandishi ya Kireno mgongoni. Nilimwona kwenye picha ya mwenzetu mmoja wa Ureno, nikaiweka picha ile kwenye kioo cha simu yangu, pale wengine wanapoweka watoto wao.

Sasa mjomba. Alikuwa ndugu wa mama kwa upande wa baba yao mdogo, mstaafu wa reli aliyebaki Makambako akafungua duka la vipuri vya pikipiki. Mzee wa kanisa, na juu ya hapo mshenga. Katika ukoo wetu hakuna aliyeposa wala kuozwa bila yeye kusimama, kujikohoza na kusema maneno yake. Siku moja alikuja kwangu kuchukua masweta ya wajukuu wake, akanikuta namfanyia rubani ukarabati: ndani ya tumbo la kila mdoli wa aina hii kuna raba nyeusi inayoshika kiuno, na raba ikikauka mtu anakatika vipande viwili. Mjomba alimwangalia rubani akirudi kuwa mzima. Akamshika, akamgeuza, akavuta stuli akakaa.

"Wenzangu wote wa relini wamezeeka," aliniambia. "Hawa mbona hawazeeki?"

Siku ile masweta aliyasahau. Nikamfundisha kila kitu: kunusa plastiki ya zamani, kusoma mgongo, kutambua rangi iliyopakwa juzi na mjanja. Nilimfundisha kwa moyo mweupe, maana katika mkoa mzima nilikuwa peke yangu, na kuwa peke yako na jambo unalolipenda ni njaa ya aina yake. Yeye wa kwake aliwaficha kwenye sanduku la chuma nyuma ya duka, chini ya minyororo ya pikipiki, akanisihi nisimwambie mtu. Mshenga hawezi kuonekana anacheza na midoli. Sikumwambia mtu. Nilimwonyesha hata picha ya Mzamiaji wa njano, akaitazama mpaka kioo cha simu kikazimika mkononi mwake.

Kule sokoni Makambako belo la midoli hufunguliwa na mama mmoja wa Kiislamu aliyehamia kutoka Kondoa. Hafungui bila bismillahi, na hafungui bila kututangazia sheria yake. Anatandaza turubai, anakata kamba, vitu vinamwagika, naye anapaza sauti: "Kilicho mkononi ni chako. Kilichogusa turubai ni cha wote!" Ukishika kitu, hakuna wa kukunyang'anya, hata ukizunguka nacho soko zima ukiwaza. Ukikiweka chini, hata kwa kujikuna pua, umekiachia. Sheria hiyo imezuia ngumi nyingi, na sisi sote tunaiheshimu.

Asubuhi ile belo lilipomwagika nilimwona kabla hajatulia. Alikuja na lundo la magari mabovu, akabingirika, akalala chali mbele ya viatu vyangu. Njano. Si chungwa iliyopauka kwa jua. Njano yake mwenyewe. Nilimwokota, nikamgeuza, nikasoma Kireno mgongoni nikiwa sijui Kireno, na machozi yakanilenga. Kichwa kilikuwa wazi, kofia haikuwapo, lakini viungo vyote vilikuwa vizima. Nilimkumbatia kwenye kiganja cha kulia, na mkono wa kushoto nikaanza kutafuta pochi.

"Kamwene, mwanangu!"

Mjomba. Amesimama ng'ambo ya turubai, koti lake la Jumapili siku ya kazi, mikono yote miwili ameinyoosha kwangu.

Asiyelelewa kwetu atauliza kwa nini sikumpungia tu. Kwetu mkubwa akikunyooshea mikono, unainama, unatoa mkono wa kulia na wa kushoto unaushika kiwiko, na mkubwa ndiye anayeachia kwanza. Mwenye mkono mchafu wa udongo au unga anaruhusiwa kutoa kifundo cha mkono. Lakini kumpa mjomba wako kifundo, mzee wa kanisa, mbele ya soko, kwa sababu umeshika mdoli? Ningesemwa mpaka kwa mama yangu kijijini Matembwe, na mama angesemwa kwa ajili yangu. Wala sikuwaza hayo yote. Mwili uliolelewa hauwazi. Niliinama, nikamlaza Mzamiaji kwenye turubai miguuni pangu, nikampa mjomba mikono yangu safi.

"Kamwene, mjomba."

Akasogea hadi mbele yangu, akainama nami, akaishika. Akaniuliza mama hajambo, nikasema hajambo. Akaniuliza ng'ombe. Akaniuliza dada yangu wa Igwachanya amejifungua salama. Nimeinamisha macho kwenye mikono yetu, kama inavyotakiwa. Alipofika kwenye habari za viazi, niliona mkono wake wa kushoto haupo tena juu ya wangu. Wa kulia ulikuwa umenibana barabara. Viazi vimeshika mwaka huu? Vimeshika, mjomba. Mvua je? Ipo, mjomba. Ndipo akaniachia, na nilipotazama miguuni pangu palikuwa na turubai tupu.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa mfukoni mwa koti.

"Mjomba, mdoli wangu."

"Upi, mwanangu?" Akautoa, akamtazama Mzamiaji kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. "Huyu? Huyu mbona alikuwa chini."

Nilimgeukia mama wa Kondoa. Alikuwa ameona yote, nilijua kwa jinsi alivyokuwa akiikunja kamba ya belo bila sababu. "Dada yangu," akasema, "sheria waijua. Nimekuona ukimweka. Ningekupa haki, lakini leo nikikupa wewe, kesho hapa patauana watu." Nami sikumlaumu, na simlaumu hadi leo. Mjomba alilipa, akanitakia safari njema ya kurudi Njombe, akaondoka bila hata kuchagua kitu kingine. Alitembea haraka kwa mtu wa magoti mabovu.

Nilibaki pale ukingoni mwa turubai. Kuibiwa ningeweza kuvumilia. Ukiibiwa unapiga yowe. Yeye alichukua adabu niliyofundishwa na mama yangu akaitumia kunifunga mikono. Nilitamani kumwona akianguka. Nasema wazi: nilitamani aanguke kwenye mtaro wa maji machafu na koti lake la Jumapili, na mimi niwe nimesimama juu nikimwuliza habari za viazi.

Lakini hasira yangu haijui kukaa bure. Nilikaa chini palepale nikasubiri hadi belo lote likaisha na wanunuzi wakatawanyika. Chini ya kila belo hubaki makapi: vifungo, magurudumu, vibunduki, shanga, mavumbi. Mama wa Kondoa huyafagia na kuyatupa. Mjomba hajawahi kuyagusa, kwa sababu mzee wa kanisa hachakuri takataka sokoni. Mimi nilimwomba fagio. Nilijua kitu kimoja ambacho sikuwahi kumfundisha, kwa kuwa hakuniuliza: vitu vya mtoto mmoja husafiri pamoja. Mama wa mtoto, huko Ulaya au popote, anamimina kapu lote kwenye mfuko mmoja, na mfuko unaingia belo moja. Nikachekecha makapi yale kwa vidole kama mtu anayechambua mchele. Niliikuta kofia ndani ya kigari cha zimamoto, imejibana kwenye kiti cha dereva. Njano ile ile.

Niliibeba mdomoni mpaka stendi, maana sikuamini tena mkono wala mfuko.

Mkusanyaji wa kweli ataelewa nilichokuwa nimekishika. Mzamiaji bila kofia yake ni mtu nusu. Ana tundu mbili ndogo pembeni mwa shingo ambapo kofia hujifungia, na kila ukimtazama tundu zile zinakutazama. Mjomba alikuwa na mwili, mimi nikawa na kichwa. Nilitoboa kwa sindano ya moto kwenye pete yake ya juu, pasipoumiza kitu, nikapitisha uzi mweusi wa kufumia, nikaivaa.

Nafasi ya kwanza ilikuja upesi, harusi ya binamu yangu, ukumbi wa Makambako. Nilivaa gauni jeupe lisilo na ua hata moja ili njano ionekane. Nilikaa meza ya mbele. Mjomba alisimama na kipaza sauti, akajikohoza, akaanza: ndugu zangu, ndoa ni kama mti, unapandwa siku moja na kutunzwa siku zote. Hapo macho yake yakafika shingoni kwangu. Nikaishika kofia kwa vidole viwili, nikaigeuza polepole, kidirisha kimwelekee yeye. Alisema ndoa ni kama mti. Akarudia ndoa ni kama mti. Watu wakadhani amelemewa na furaha, wakapiga makofi, mshereheshaji akaokoa kwa muziki. Pilau ya siku ile sijaisahau utamu wake.

Na hakuweza kusema neno. Aseme nini? Kwamba yeye, mshenga, anaitaka kofia ya mdoli? Kwamba ana sanduku? Ile siri niliyomtunzia ikawa ndiyo kamba yake. Mimi nilikuwa nimeshachekwa tangu darasani, sikuwa na cha kupoteza. Nikaivaa kipaimara cha wajukuu wake. Nikaivaa mazishi ya jirani yake, ambaye sikumjua vizuri. Mahali popote ukoo ulipokusanyika nilihakikisha nimefika, nimekaa mahali penye mwanga, na nimemsalimia kwa mikono miwili, nikiinama sana, kofia ikining'inia mbele ya pua yake.

Akamtuma mke wake. Mama wa watu alikuja Njombe na kapu la maparachichi, akanywa chai yangu, akaizungukia habari yenyewe kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwishoni akasema, "Mzee anauliza, kile kidude chako cha shingoni, kama siku moja hutakihitaji..."

"Mwambie mzee nakihitaji," nikasema. Maparachichi niliyala.

Kisha akaja mwenyewe. Ilikuwa msimu wa baridi kali, ukungu umeshuka hadi barabarani, na dukani walikuwapo wateja wawili, kina mama wanaosubiri masweta. Alisimama mlangoni na koti lile lile, mkono wa kulia umezama mfukoni. Nilijua amemshika. Nilijua kutokana na jinsi kiwiko kilivyobana ubavu. Alikuwa amemleta ajaribu kofia, aone tu, labda aniombe anipe sanduku zima badala yake. Baadaye mke wake alinithibitishia kwamba ndivyo ilivyokuwa: alitaka kunipa wote waliobaki, hata askari wake wa Kijapani.

Niliiacha mashine. Nikatoka nyuma ya meza, nikainama kuliko nilivyowahi kuinama, nikanyoosha mkono wa kulia, wa kushoto kwenye kiwiko.

"Kamwene, mjomba."

Kina mama wale wawili wakatabasamu kwa kuona adabu. Mjomba aliutazama mkono wangu. Akaitazama meza iliyokuwa kando yetu, ambayo nilikuwa nimeifunika makusudi kwa kipande cha turubai la kuhifadhia nyuzi. Angemweka Mzamiaji chini, angeweza kunipa mkono. Angetoa ngumi yake mfukoni, ningemwona. Nikangoja. Nina subira ya kufuma, mstari kwa mstari.

Akanipa mkono wa kushoto.

Mzee wa kanisa, mshenga wa ukoo, akampa mpwa wake mkono wa kushoto mbele ya watu. Mmoja wa wale mama alivuta pumzi mpaka nikaisikia. Niliupokea, nikaushika kwa heshima zote, nikamwuliza habari za viazi. Aliondoka, na habari ikafika Makambako kabla yake.

Kwenye posa iliyofuata walimtafuta mtu mwingine. Hawakumwambia kwa nini. Walisema anapaswa kupumzika. Nilifurahi. Ningependa kuandika kwamba nilijuta, maana ndivyo watu wanavyoandika. Nilifurahi nikiwa kitandani, nikafurahi nikiwa kanisani, nikafurahi nikisokota nyuzi.

Alipoanza kuugua mama alinipigia simu kutoka Matembwe. "Nenda kamsalimie mjomba wako."

"Nitakwenda akiachia."

"Akiachia nini?"

Nikaendelea kufuma, mama akanikatia simu. Sikwenda. Nilisubiri kwa hesabu yangu mwenyewe. Matanga yakimalizika, vitu vya marehemu hutolewa nje, vikatandikwa kwenye mkeka, ukoo ukagawana: koti kwa huyu, viatu kwa yule. Sanduku la chuma lingefunguliwa. Nani angemtaka mdoli wa njano asiye na kofia? Angelala pale chini, nami ningeinama mara moja tu. Kilicho chini ni cha wote. Nilikuwa nimeshaandaa nafasi kwenye rafu, kando ya yule wa mguu mmoja.

Ndivyo nilivyokwenda msibani, nimevaa nyeusi na kofia yangu, nimeshaomboleza njiani kile kidogo nilichokuwa nacho. Jeneza lilikuwa uani, chini ya hema, watu wakipita kwa mstari kutoa heshima za mwisho. Nilipofika niliangalia uso kwanza, kama kila mtu. Alikuwa amekonda. Halafu nikaangalia mikono. Ilikuwa imekunjwa kifuani, kitambaa cheupe juu yake, na kati ya vidole vya mkono wa kulia kilichomoza kichwa kidogo cha njano, na tundu zake mbili zikinitazama.

Mke wake alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na kichwa cha jeneza. Alininong'oneza bila ubaya, kama mtu anayefikisha ujumbe asioujua maana yake. "Alisema asitolewe mkononi. Alisema, yule mfumaji atakuja, asimkute chini."

Damu ilinipanda kichwani. Hata hapo! Amelala kwenye sanda bado ananishinda kwa sheria ileile ya turubai. Nikafanya jambo moja nililoliweza. Niliinama, nikanyoosha mikono yangu yote miwili juu ya jeneza, nikasema kwa sauti iliyosikika hema zima, "Kamwene, mjomba."

Wanawake waliposikia hivyo walilia zaidi. Walidhani ni uchungu. Mimi nilikuwa nangoja aachie. Niliangalia vidole vile jinsi nilivyoangalia turubai siku ile, nikangoja mpaka walionifuata wakaanza kukohoa. Kofia ilikuwa inaning'inia juu yake kabisa, karibu iguse. Ningeweza kukata uzi na kuibonyeza pale, ka, na Mzamiaji wa njano angekuwa mzima, labda ndiye pekee mzima upande huu wa dunia. Mkono ulishafika shingoni.

Sikuivua. Nilisogea, nikampisha aliyekuwa nyuma yangu. Walimfunika, wakamzika, na Mzamiaji akashuka chini kichwa wazi. Apumue anavyojua.

Matanga sikuyasubiri, na lile sanduku walipewa wajukuu. Nasikia wamekwisha kuwavunja wote.

Harusi iliyofuata ilikuwa katika ukumbi uleule. Nilivaa gauni jeupe, nikakaa meza ya mbele kwa mazoea, mahali penye mwanga. Mshenga mpya alisimama, akajikohoza, akasema ndoa ni kama nyumba. Nikaishika kofia, nikaigeuza polepole, kidirisha kimwelekee. Aliitazama, akanitazama mimi kwa huruma kidogo, akaendelea. Maneno yake yote yalitoka, moja baada ya jingine, mpaka mwisho. Pilau ilikuwa na chumvi ya kutosha na nyama ya kutosha, na haikuwa na ladha yoyote.

Katika mkoa huu mzima hakuna tena mtu anayejua nimevaa nini. Belo likifunguliwa nikapata rubani wa zambarau, nitampigia nani simu? Wale wenye ndevu wa mbali watanitumia dole gumba. Mjomba angefunga duka, angekuja, angemnusa, angevuta stuli.

Kumchukua Mzamiaji, nadhani baada ya miaka kadhaa ningemsamehe. Hili la kuniacha peke yangu na kofia sijamsamehe, na bado naivaa kila harusi, ili kama anaona, aone.